Nilivyozinyoosha Nyaya za Lori

Juzi kijana wa jirani yangu alishindwa kuwasha gari lake. Alipiga starta, akapiga tena, mpaka petroli mbichi ikanukia hadi kwangu barazani, nilikokuwa nachambua mchele. Nikajikuta nacheka peke yangu kama mtu aliyetekenywa. Petroli isiyoungua ina harufu yake, na ikichanganyika na baridi ya asubuhi na moshi wa kuni za miti ya miwati, basi mimi sina miaka hii niliyo nayo. Nina tisa au kumi, nimesimama uani kwetu Njombe, miguu peku juu ya majani yenye umande ulioganda, na nimeharibu harusi ya dada yangu bila kujua.

Baba alikuwa dereva na fundi wa lori la tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka pale mjini. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka dereva alivyokuwa mtu mkubwa enzi zile za Mwingereza. Magari yalikuwa machache, na likikufia porini hukuwa na wa kumwita. Ulikuwa wewe, spana zako na Mungu wako. Baba alilipeleka lori Makambako na kulirudisha, masika na kiangazi, na watu walisema hajawahi kulala njiani. Alipenda kusikia hivyo. Akisikia mtu anaanza kuisimulia habari hiyo, alikuwa akijifanya anatafuta kitu mfukoni ili asionekane anatabasamu.

Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, na mimi mpaka leo naamini kazi zile mbili alizifanya kwa sikio moja. Injini ya lori ilikuwa na plagi nne, na kwaya ina sauti nne. Lori likianza kuchechemea mlimani, Baba alisimama, akafungua boneti huku injini ikinguruma, akashika kitambaa kikavu na kuchomoa waya wa plagi ya kwanza, akasikiliza, akaurudisha. Akaenda kwenye wa pili. "Nyamazisha mmoja mmoja," alinifundisha. "Ukimnyamazisha mtu na wimbo usibadilike, basi huyo alikuwa haimbi." Plagi ya namna hiyo aliitoa na kuisugua.

Mazoezi ya kwaya yalikwenda hivyohivyo. Katikati ya wimbo alikuwa akimwinulia mtu kidole anyamaze, wengine wakiendelea, naye anasikiliza. Watu wazima walikiogopa kidole kile kuliko ugonjwa. Ndivyo alivyogundulika mzee Sefania, besi wetu mwenye kifua kikubwa na ndevu za kupendeza, kwamba kwa muda mrefu alikuwa anafumbua mdomo tu bila kutoa kitu. Sefania hakukasirika. Alisema alikuwa anatunza sauti.

Kwa hiyo msinilaumu kwa niliyoyaamini. Baba alinionyesha plagi zile kwa majina: ya kwanza, iliyo karibu na rejeta, ni soprano, inayofuata alto, halafu teno, na ya nyuma kabisa, karibu na dereva, besi. Yeye alikuwa anatania. Mimi nilijua kabisa kwamba mle ndani wanakaa watu wanne wadogo sana, weusi kwa oili, na kwamba wanaimba. Asubuhi nikipita karibu na lori niliwaambia "Kamwene" kama tunavyomwamkia mtu yeyote wa kwetu, na nilikuwa namwonea huruma besi, maana kule nyuma palikuwa na giza.

Dada yangu Tabita alikuwa anaolewa na Yeremia wa Makambako. Kwa kawaida ndoa ingefungwa kwetu, kwa wazazi wa bibi harusi, lakini mambo yaligongana. Yeremia alikuwa ameshaandikishwa kazi ya mkonge huko Tanga, na lori la kuchukua vibarua lilikuwa linapita Makambako Jumatatu. Mchungaji naye alikuwa Makambako Jumamosi ile tu, na saa sita mchana aondoke kwenda Ilembula. Ndoa ikifungwa kabla ya saa sita, dada angekuwa na mume na siku mbili za kukaa naye, na barua na fedha za matumizi zingekuwa zinamjia yeye kama mke. Isipofungwa, Yeremia angeondoka akiwa mchumba tu, na kurudi kwake lini hakuna aliyejua. Tulikuwa tumewaona wasichana wawili waliosubiri watu wa mkonge. Mmoja alikuwa bado anasubiri, nasi watoto tulikuwa tunamwita shangazi.

Tajiri alimwazima Baba lori kwa siku hiyo moja. Ijumaa mchana Baba alikwenda mjini kuchukua turubai, akaniachia kitambaa. "Lifute vumbi," alisema, "lisitutie aibu kwa wakwe." Hakusema niishie wapi. Nilifuta milango, taa, mbao za bodi, nikaona bado nina nguvu, nikapanda kwenye bampa na kufungua upande wa boneti.

Sasa, lori lile nililipenda, lakini ndani lilikuwa fujo. Kutoka kwenye kile kikombe cheusi kinachogawa moto zilitoka nyaya nne kwenda kwenye plagi, na zilipishana kama kamba za mbuzi waliofungwa kigingi kimoja. Waya wa kwanza ulikwenda kwa soprano, sawa. Wa pili uliruka mpaka kwa teno. Wa tatu ukaenda kwa besi, na wa nne ukarudi nyuma kwa alto. Nilisikitika. Baba mwenyewe kila Jumapili alikuwa anasema kila mtu asimame mahali pake, na hakuna besi aliyewahi kumpita alto kanisani kwetu. Nikazichomoa zote, nikazifuta moja moja mpaka zikang'aa, nikazirudisha kwa utaratibu: wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili, wa tatu kwa wa tatu, wa nne kwa wa nne. Zilinyooka zikapendeza. Nilifunga boneti nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa kazi nyingine yoyote ya usafi.

Asubuhi tulikuwa tayari kabla jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mianzi, na kwaya nzima ilikuwa imepanda kwenye bodi imejifunika mablanketi, na kati yao viazi, magunia ya njegere, vibuyu vya togwa na kuku waliofungwa miguu. Dada alikaa mbele na Mama, gauni jeupe likiwa limefichwa chini ya blanketi la kijivu. Baba alivaa tai. Akashika hendeli, akaizungusha.

Lori lilikohoa mara moja, likatetemeka, halafu likapiga "paa!" kwa nyuma hata kuku wote wakalia na shangazi yangu Eseli akaita jina la Yesu. Moshi mweusi ukatoka. Baba akazungusha tena. Paa! Kutoka jikoni kwa jirani mtu akapiga kelele kuuliza nani anawinda.

Baba hakuhangaika. Alivua tai, akaiweka mfukoni, akaniita nishike taa ya chemli. Alikuwa na utaratibu wake na hakuuruka hata siku ya harusi. "Gari likikataa, ama limekosa chakula, ama limekosa moto," alisema. Akafungua bomba la petroli, ikadondoka vizuri. Chakula kipo. Akachomoa nyaya, akatoa plagi zote nne. Zilikuwa zimelowa chepe. Nikatumwa makaa ya moto kwenye kigae, tukazianika juu yake kama mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo harufu ile ilipoingia kichwani kwangu ikakaa. Zilipokauka alizifunga kwenye nyaya zake, akazilaza juu ya chuma cha injini, akamwambia Sefania azungushe hendeli. Cheche ikaruka kwenye kila moja, ya buluu, ta, ta, ta. Moto upo. Hakuridhika, akafungua kikombe cheusi, akapitisha kipande cha msasa kwenye platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, akapima nafasi yake kwa wembe. Akarudisha kila kitu. Plagi mahali pake, na kila waya mahali alipoukuta.

Paa!

Jua likatoka. Hapo kila aliye juu ya lori akawa fundi. Mmoja alisema petroli imeganda kwa baridi. Shangazi Eseli alisema gari limekasirika kwa kuwa limebebeshwa viazi wakati limezoea mizigo ya duka. Sefania, aliyekuwa anatokwa jasho kwa hendeli, alisema linataka kupumzika, na ilionekana wazi anayetaka kupumzika ni nani. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, hadi nilipomtazama dada. Alikuwa amegeuzia uso kwenye kioo cha upande wa pili, na blanketi lilikuwa linatikisika. Mama alikuwa anamwambia maneno kwa Kibena, polepole, na nikasikia dada akijibu, "Mama, hata tukitembea kwa miguu hatufiki." Sijawahi kumpenda dada yangu kama dakika ile, na sikuwa na la kumfanyia.

Baba alisimama mbele ya lori mikono kiunoni. Halafu akainua kidole, kile cha kwaya, na watu wote wakanyamaza palepale, hata waliokuwa wanatafuna. "Zungusha," alimwambia Sefania. Lori likakohoa, likakatakata, likapiga paa, likafa. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wanne wote wapo," alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea peke yake. "Hakuna aliyenyamaza. Ila wanaingia hovyo. Kila mtu anaingia zamu ya mwenzake."

Nikaitazama boneti. Kwa maana wimbo wa harusi ile nilikuwa nimeusikia ukifundishwa jioni zote za mwezi mzima. Soprano walianza peke yao. Wakafuatiwa na teno. Kisha besi. Alto waliingia mwisho kabisa, na shangazi Eseli, ambaye ni alto, aligombezwa kila jioni kwa kuwahi. Walisimama soprano, alto, teno, besi, lakini hawakuingia hivyo, hata siku moja hawakuingia hivyo, na mimi nilijua hilo kuliko nilivyojua hesabu ya kuzidisha. Nikaona nyaya zile zilivyokuwa zimepishana kabla sijazishika.

Nawaambia ukweli: nilifikiria kunyamaza. Kugusa injini ya lori la tajiri lilikuwa kosa ambalo kaka yangu alishawahi kuchapiwa, na yeye aligusa honi tu. Watu arobaini walikuwa wananitazama kutoka juu, au ndivyo nilivyohisi. Lakini blanketi la dada lilikuwa bado linatikisika.

"Baba."

"Kaa pembeni, mwanangu, usijichafue."

"Baba, ni mimi nimezinyoosha."

"Umenyoosha nini?"

"Nyaya. Jana. Zilikuwa zimepishana, nikazipanga vizuri."

Shangazi Eseli akashika kichwa. "Huyu mtoto! Achapwe sasa hivi, tuondoke!" Kulikuwa na minong'ono, na mtu mmoja akacheka akanyamazishwa. Baba alinitazama. Halafu akazitazama nyaya, na nikaona anaziona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa kile alichokuwa na hakika nacho.

"Ulizipangaje?" aliuliza.

"Kama mnavyosimama kanisani. Soprano, alto, teno, besi."

 Baba akaokota kitambaa kikavu, akanipa. "Panda."

Nikapanda kwenye bampa.

"Anayeanza wimbo wa leo ni nani?"

"Soprano."

"Huyo mwache, yuko sawa. Anayefuata kuingia?"

"Teno."

"Basi waya wa pili mpe teno. Kisha?"

"Besi."

"Mpe. Na anayebaki?"

"Alto," nikasema, na nikakikosa kichwa cha plagi mara mbili. "Anaingia mwisho."

"Anatakiwa aingie mwisho," Baba alisema, akimtazama shangazi Eseli.

Sefania akazungusha nusu mzunguko, nusu tu, na lori likaitika. Halikukohoa, halikupiga paa. Likaimba. Vigelegele vikapigwa, kuku wakalia tena, Mama akapiga makofi kwa mikono ya mtu aliyesahau kwamba ni mama mkwe mtarajiwa. Sefania akajifuta jasho na kutangaza kwamba yeye tangu mwanzo alijua tatizo liko kwa besi. Dada alifungua mlango, akanivuta ndani nikae kwenye mapaja yake, na gauni lake jeupe likapata alama ya vidole vyangu vya oili karibu na kiuno. Aliiziba kwa maua.

Baba aliendesha kama sijawahi kumwona akiendesha. Vumbi liliwageuza wanakwaya kuwa watu wa rangi moja. Tulipoingia Makambako mchungaji alikuwa ameshafunga mfuko wake kwenye baiskeli na kubana miguu ya suruali isikamatwe na mnyororo, na Yeremia alikuwa ameishika ile baiskeli kwa nyuma, kwa heshima zote, lakini ameishika kwelikweli. Ndoa ikafungwa. Wimbo ukaimbwa na watu wenye vumbi hadi kwenye kope, na shangazi Eseli aliingia mahali pake, barabara, kwa mara ya kwanza tangu tuuanze. Nililia, na nikamwambia Mama ni vumbi.

Wakati wa chakula, baba yake Yeremia, mzee mcheshi ambaye utani ulikuwa haumwishi, aligonga meza. "Bwana mkwe," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "sisi tuliambiwa tunapata binti wa fundi asiyelala njiani. Mchungaji alikuwa tayari yuko juu ya baiskeli! Kulikoni?"

Meza yote ya kwetu ikainamia sahani. Niliacha kutafuna. Nilijua sasa nitatajwa mbele ya wakwe, mbele ya mchungaji, na nitakuwa yule mtoto mpaka nizeeke. Niliona shangazi Eseli anavuta pumzi.

"Nyaya za plagi," Baba alisema kabla yake. "Nilizifunga vibaya. Mkono wangu mwenyewe."

"Wewe? Nyaya?"

"Mimi. Saa mbili nzima nazunguka lori, kumbe nimezifunga vibaya."

Watu wa Makambako walicheka hadi mmoja akapaliwa na togwa. Kwaya yetu haikusema neno, hata Sefania, hata shangazi Eseli, na mimi sikujua kwamba watu arobaini wanaweza kunyamaza pamoja vizuri namna ile bila kuinuliwa kidole. Tangu siku ile mzee yule alimwita Baba Bwana Nyaya. Jina likaenea barabarani kote. Akipita Makambako, watoto wa sokoni waliliita, makarani waliliita, siku moja tajiri naye aliliita. Baba aliitika kila mara, akacheka nao. Habari ya kutolala njiani sikuisikia tena ikisimuliwa.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipopata ujasiri wa kumwuliza. Tulikuwa tunamenya viazi, yeye amekwisha kuacha udereva. Nikamwambia, Baba, siku ile kwa wakwe ulidanganya kwa ajili yangu, na wewe ni mtu wa kanisa.

"Sikudanganya," alisema. "Nilipozikausha plagi, nani alizifunga zile nyaya? Nilizifunga mwenyewe, vibaya, na kinachoniuma ni kwamba sikuzitazama."

"Lakini mimi ndiye niliyeanza. Ungeweza kusema."

Aliendelea kumenya mpaka ganda likatoka zima.

"Wewe ulikuwa umeshasema," alinijibu. "Ulisema mbele ya watu waliotaka uchapwe, na hakuna aliyekulazimisha. Nikaona mara moja imetosha."